Mtoto Aliyeulizwa Mama Yake ni Nani

Ua wa Kaskazini,
Kasri la Mfalme,
Hue.

Tarehe 19, mwezi wa kumi, Mwaka wa Mbuzi.

Mpendwa Dada Nhan,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kwenye mvua isiyokatika. U hali gani? Shemeji Toan hajambo? Kifua chake kimepoa, au bado anakohoa kila akipanda ngazi za ghala? Na wanangu wawili wanaendeleaje? Nadhani yule mkubwa sasa anakufikia begani. Mimi ni mzima wa mwili. Wa mwili tu, Dada. Hayo mengine utayasoma mwenyewe.

Barua yako ya mwisho ilinifikia mwezi wa tatu, imekunjwa ndani ya kifurushi cha kamba wakavu. Kamba tuliwala siku moja, lakini barua niliinusa mwezi mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya. Hata hii naiandika mchana, wenzangu wakiwa wamelala, na itatoka nje ikiwa ndani ya mkoba wa mkunga mmoja anayerudi kwao kusini kwa meli ya mchele. Ukishaisoma ichome. Usimsomee Mama. Yeye mwambie nimenenepa.

Bila shaka na huko Ha Tien mmevaa nyeupe ya msiba, maana tangazo lilipelekwa kila wilaya. Mfalme alifariki mwezi wa nane. Kwa hiyo mimi ni mjane, Dada, na huyo mume wangu nilimwona kwa macho yangu mara nne katika miaka saba. Mara mbili kati ya hizo alikuwa amenipa mgongo.

Unajua nilivyokuja huku. Baba alikuwa na ile kesi ya tuta la mto lililobomoka, akaambiwa kwamba binti mmoja kasrini hunyoosha mambo mengi. Wewe ulikuwa umeshaolewa, nikabaki mimi. Simlaumu. Nilipewa daraja la nane kati ya madaraja tisa ya wake wa Mfalme, kazi ya kushona, na nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya msichana wa Quang Nam aitwaye Dieu, mwenye kicheko kama cha bata. Tulipendana mara moja.

Sijawahi kukuandikia habari za Dieu kwa sababu barua zangu zote za nyuma zilipita mezani kwa matowashi. Dieu aliitwa na Mfalme mara mbili, akapata mimba, akazaa mtoto wa kike, na siku ya tatu homa ikamchukua. Mfalme alikuwa na mabinti wengi. Mmoja zaidi hakuwa habari. Walimwandika daftarini: binti wa kumi na tisa, mama marehemu. Basi. Kisha wakatoka, na mtoto akabaki kwenye kapu la nguo, analia.

Nilimchukua mimi. Nani mwingine? Nikamwita Mit, yaani fenesi, maana mtoto akipewa jina zuri mapema husuda humwandama. Sasa ana miaka mitano. Hali wali wa juu, anataka ukoko. Akilala hunisukumia nyayo zake tumboni, baridi kama samaki. Radi ikipiga hujifunika kichwa na kuacha matako nje, na akisikia nacheka hunung'unika humo humo ndani ya blanketi: "Mama, usicheke, mbingu itakusikia." Ndiyo, Dada. Ananiita Mama. Hakuna aliyemfundisha.

Kosa langu ni moja. Sikuomba jina langu liandikwe pembeni mwa lake. Mama yetu alizoea kusema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami nikadhani dunia nzima inasema hivyo.

Wiki tatu baada ya msiba, towashi mkuu alitukusanya uani akatusomea amri. Wake wa daraja la nne kwenda juu wenye watoto watatoka kasrini na watoto wao, wapewe nyumba mjini. Wa daraja la chini wenye watoto watakwenda makaburini pamoja na watoto wao. Wasio na mtoto wote, wa juu na wa chini, watakwenda makaburini kumhudumia marehemu, na hawatatoka huko mpaka na wao wabebwe. Kazi yenyewe ni hii: kila alfajiri kumtandikia kitanda, kumwekea maji ya kunawa uso, kitana, chai na tambuu. Jioni kuondoa. Kesho yake tena.

Mwenzetu mmoja, Luu, ambaye ana miaka kumi na tisa na mdomo usio na mlango, aliniinamia sikioni. "Shoga, alipokuwa hai hakuniita hata nimpelekee kikombe cha maji. Leo amekufa, nimtandikie kitanda kila siku! Huyu bwana alikuwa ananipenda kimoyomoyo." Tukacheka, tumefunika midomo kwa nguo za msiba. Kisha Luu akaanza kulia na hakuweza kunyamaza, mpaka towashi akampiga fimbo ya mgongo.

Mimi siku ile sikulia. Nilikuwa na mtoto. Makaburini tungekwenda wawili, na kwa wawili mahali popote ni nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Kesho yake akaja chumbani kwangu Bibi Thuc. Yeye ni wa daraja la pili na mkuu wa ua wetu. Ana miaka arobaini hivi, kaka yake ni waziri. Katika miaka saba alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti changu. Alikaa kwenye mkeka kama mimi, akakubali tambuu, akaitafuna taratibu.

"Mdogo wangu," akasema, "nimekuja kuomba, sikuja kuamuru. Nipe Mit."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimezika wana wawili," akasema. "Nikipelekwa kule makaburini kwenye misonobari, mwaka hautaisha kabla sijafa. Lakini kwa sheria mimi ni mkuu wa ua, na kila mtoto wa uani humu ni wangu kwa jina. Nikimdai, natoka naye. Kaka yangu ametafuta nyumba Kim Long, ina bustani mpaka mtoni. Atapata mwalimu. Akifika miaka kumi na sita ataolewa na mtu wa maana."

"Ana mama," nikasema.

"Ana mlezi wa daraja la nane. Utamlea wapi? Kaburini?"

Dada, nilimfukuza. Mimi, Khue, niliyekuwa naogopa hata bata bukini wa jirani, nilisimama nikamwonyesha mlango mke wa daraja la pili. Aliinuka bila hasira. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Siku ile ile nikaandika ombi kwa Bibi Mkuu, mama yake marehemu Mfalme, ambaye neno lake ndilo la mwisho kwa wanawake wote wa kasri. Ombi likarudi halijafunguliwa. Nikaandika la pili, nikapigwa makofi na mtumishi wake. La tatu nikalipeleka mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya mlango wake, kwenye mvua, siku mbili nzima. Luu alikuwa akija kunifunika na mkeka, nao wanamfukuza, anarudi. Siku ya pili jioni mlango ukafunguka na sauti ikatoka ndani: "Mwambieni akabadili nguo. Wanawake wawili wanagombea mtoto mmoja. Siku ya saba kuanzia leo nitamuuliza mtoto mwenyewe."

Nilirudi chumbani nikitetemeka kwa baridi na furaha. Mtoto mwenyewe! Nilikuwa nimeshashinda. Nikamuuliza Mit, "Bibi mkubwa akikuuliza mama yako ni nani, utasema nini?" Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "Nitasema wewe. Kwani yeye hajui?"

Ningekomea hapo, Dada, barua hii ingekuwa fupi.

Siku ya tatu tulipelekwa makaburini, wote tuliopangiwa kwenda huko, tukafagie na kupiga deki nyumba tutakazokaa. Nikamchukua Mit. Ni pazuri, nisiseme uongo. Kuna bwawa la yungiyungi, kuna misonobari, kuna vigae vya manjano. Jirani yake ni kaburi la mfalme aliyetangulia, na wajane wake waliobaki wakaja kututazama. Walitembea kwa vidole na kusema kwa kunong'ona, kama watu walio karibu na mgonjwa aliyelala. Mmoja wao hakuwa mzee. Nilimkadiria miaka thelathini. Nikamwuliza kama na yeye ni mjane.

"Mimi ni binti wa Mfalme," akanong'ona. "Nililetwa hapa na mama yangu nikiwa na miaka sita. Mama alikuwa wa daraja la saba."

"Hukuolewa?"

Akafikiri, kama swali lile lilitaka hesabu. "Walisema watakuja kuniulizia," akasema. "Labda walisahau. Ni mbali na mjini." Kisha akaomba ruhusa amguse Mit shavu. Alimgusa kwa ncha ya kidole kimoja, akakirudisha haraka. "Ana joto," akasema.

Alituonyesha chumba cha marehemu wao. Kitanda kimetandikwa, maji yako kwenye bakuli, na kitana kimewekwa juu ya kitambaa. Mit akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Nani anachana nywele hapa?" Wajane wote wakaruka, wakamwekea kidole mdomoni. Hawakumkemea, hapana. Walikuwa wapole mno. Wakamfundisha jinsi ya kuuliza kwa kunong'ona, akauliza tena kwa kunong'ona, wakamsifu, wakampa tunda.

Tulikaa mpaka saa kumi. Wakati wa kuondoka nilimwita Mit aje tuondoke. Alikuja akitembea kwa vidole.

Nusu siku tu, na tayari walikuwa wamempata.

Tuliporudi nilikwenda kwa Bibi Thuc kabla sijabadili viatu. Nikamwambia, "Mtoto atakutaja wewe."

Alikuwa anashona. Sindano ikasimama. "Unataka nini?"

"Asipigwe. Ukoko msimnyime. Na siku ya radi asilale peke yake."

"Nimezika wawili," akasema. "Unadhani nimesahau mtoto hulazwaje?" Akaanza kushona tena, akaongeza, "Futa ombi lako basi, usije ukaumia."

Lakini ombi halikufutika. Siku iliyopangwa na Bibi Mkuu haipanguliwi, na ningerudi nyuma angedhani nimehongwa, naye Bibi Thuc angemkosa mtoto vilevile. Sote wawili tulilijua hilo. "Mbele yake sitaweza kukutetea," akasema. "Najua," nikajibu.

Zikabaki siku tatu za kumfundisha.

Nilianza kama mchezo. Nikajifanya mimi ndiye Bibi Mkuu, nikakaa juu ya sanduku, nikaukunja uso. "Wewe mtoto, mama yako ni nani?" Akijibu Bibi Thuc, nampa kipande cha tangawizi ya sukari. Alicheka, akala tangawizi, na kila mara akasema, "Mama yangu ni wewe, sasa nipe kingine." Siku ya pili nikamkataza kuniita Mama. Akaning'ata mkono, alama ipo mpaka leo, na nashukuru ipo. Nikamwambia mama yake alikufa zamani na mimi ni mtu tu niliyekaa naye. Akasema, "Muongo." Akaenda kukaa pembeni akanipa mgongo, mgongo mdogo namna ile, Dada, sijui ulijifunza wapi ukali.

Siku ya tatu sikuwa na njia tena. Nikampigia magoti, nikamshika mabega, nikamwambia, "Mit, ukinitaja mimi, watanipiga mpaka nife."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa kunong'ona, kama walivyomfundisha kule, "Nikimtaja yule?"

"Hawatanipiga."

Hakuuliza lingine. Tangu hapo alijibu bila kosa, na tangawizi hakutaka tena.

Siku ya kuulizwa ilikuwa tarehe kumi na nne. Bibi Mkuu alikaa kitini, macho yake hayaoni vizuri lakini masikio ni ya paka. Bibi Thuc amepiga magoti kulia, mimi kushoto, na Mit katikati, amevaa kanzu nyeupe niliyomshonea mwenyewe. Nilikuwa nimeiachia pindo refu ili imfae na mwakani.

"Usiogope," akasema Bibi Mkuu. "Mama yako ni nani?"

"Mama yangu ni Bibi Thuc, Bibi Mkuu."

"Nani anakulisha?"

"Bibi Thuc."

"Ukilia unamwita nani?"

Hilo sikuwa nimemfundisha. Nikafumba macho.

"Silii," akasema Mit.

Bibi Mkuu akacheka kidogo. Halafu akaninyooshea kidole. "Na huyu hapa, aliyelowa mlangoni kwangu siku mbili, ni nani?"

Hilo pia sikumfundisha. Nilitarajia atababaika, na Mungu wa Mbinguni anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilitamani ababaike. Hakuniangalia. Alimtazama Bibi Mkuu usoni, akasema kwa sauti safi, "Huyo ni mshonaji."

Basi hukumu ikatoka. Bibi Thuc amchukue binti yake. Mimi nimedanganya mbele ya msiba wa Mfalme, nimemsumbua mzee katika kilio chake, nimetaka kuiba mtoto wa mwenzangu. Nikavuliwa daraja. Makaburini nitakwenda kama mtumishi wa wajane, siyo mjane. Nisimkaribie mtoto, nisimwandikie, nisitajwe mbele yake. Bibi Thuc alinyamaza kama alivyoahidi. Alimshika tu Mit mkono, akainuka.

Walipopita mbele yangu kwenda mlangoni, nilikuwa bado nimeweka paji la uso sakafuni. Nikaona viatu vidogo vikisimama karibu na sikio langu. Nikasikia:

"Nimesema vizuri?"

Pembeni kulikuwa na matowashi wawili. Mlangoni kulikuwa na mtumishi wa Bibi Mkuu. Kama ningeinua hata kidole, yote yangeharibika.

Sikumjibu, Dada. Nilikaa kama jiwe. Viatu vikasubiri kidogo, halafu vikaondoka.

Siku tano zimepita, na sijui mtoto anafikiri nini. Wali nautia mdomoni unageuka mchanga. Nikisikia mtoto yeyote akikimbia uani nasimama, kisha nakumbuka, nakaa. Luu ananiambia, "Utakufa, shoga, na mimi nani atanichekea makaburini?" Keshokutwa tunahamishwa. Kutoka huko barua hazitoki, kwa hiyo hii huenda ndiyo ya mwisho kuisoma kutoka kwangu, usishangae ukingoja nyingine isifike.

Nina ombi moja. Najua safari ni ndefu na nauli ni nzito, na Shemeji Toan atauliza maswali. Mwambie unakwenda kumfukizia Mfalme ubani. Njoo Hue wakati wa Mwaka Mpya, nyumba kubwa zinapofungua milango kwa wageni. Uliza Kim Long nyumba ya Bibi Thuc, dada wa waziri. Sema wewe ni muuza hariri, sema lolote. Bibi Thuc akikutazama usoni ataniona mimi, maana tunafanana, na nadhani hatakufukuza. Omba kumpima mtoto kanzu. Ukimvalisha, inama karibu na sikio lake, umwambie hivi: Mshonaji anasema ulisema vizuri. Ulisema vizuri sana. Anasema alikusikia.

Kisha ondoka upesi, usimwache akakuona ukilia.

Nisalimie Shemeji Toan na uwaambie watoto wako mama yao mdogo anawabusu. Salamu kwa Shangazi Ngai, na kwa Mjomba Cuong kama bado anaidai ile ngalawa. Kwa Baba sema nimemsamehe. Kwa Mama, kama nilivyokuomba. Mababu zetu wailinde nyumba yako na kila aliye ndani yake, na wakupe kuzeeka ukiwasikia watoto wako wakipiga kelele.

Mdogo wako akupendaye, kutoka hapa mpaka kule ninakopelekwa,

Khue